Usaili si Harusi: Acheni Kuwavisha Watoto wa Watu Madeni

1.
Msimu wa ajira ukifunguka tu, wanatokea. Unawajua. Picha ya suti ya bluu, mkono mmoja mfukoni, saa kubwa, na chini yake maandishi: "Ukienda kwenye usaili vaa suti. Jopo linakuamulia kabla hujafungua mdomo." Laiki elfu mbili. Watu wanashea. Halafu mhitimu wa Newala au Kibondo, amemaliza chuo miaka mitatu iliyopita, anakaa kwa shangazi yake Mbagala, analisoma hilo saa tano usiku na kuanza kupiga hesabu atamkopa nani.

Mimi ni nesi, mwaka wa kumi na sita kazini. Nimesailiwa mara kadhaa, na miaka hii ya karibuni naitwa kukaa kwenye paneli wodi yetu ikihitaji watu. Kwa hiyo ninachoandika hapa sijakitoa kwenye vitabu vya mafanikio. Nasema hivi: ushauri wa "vaa suti" unawaumiza watoto wa maskini, hauwapi kazi, na wengi wanaoutoa hawajawahi kumlipia mtu hata nauli ya kwenda huko kwenye usaili. Ukikasirika kunywa maji kwanza. Nitaandika kwa vipande.

2.
Tuanze na tangazo lenyewe, maana watu hawasomi. Chukua tangazo lolote la kuitwa kwenye usaili la Sekretarieti ya Ajira, lisome kuanzia juu mpaka kwenye jina la katibu. Utaambiwa uje na kitambulisho. Utaambiwa uje na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, mpaka cha taaluma. Utaambiwa karatasi za matokeo za muda hazipokelewi. Sisi wa kada za afya tunaambiwa tuje na cheti cha usajili wa baraza letu pamoja na leseni ya kufanyia kazi. Utaambiwa pia, kwa lugha isiyo na huruma hata kidogo, kwamba chakula, usafiri na malazi ni juu yako mwenyewe.

Suti? Katika yote niliyosoma mimi, sijakuta.

Sasa angalia jinsi hela inavyokwenda kombo. Mtu ana sh 180,000 zote duniani. Ameshauriwa suti, kanunua suti ya 120,000 Kariakoo. Leseni yake imeisha muda. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa ni Mwanaidi, kwenye cheti cha chuo ni Mwanaid, hajashughulikia kiapo. Anafika amependeza kama mpambe wa bibi harusi, na anarudishwa mezani pa uhakiki wa vyeti, kabla hajaliona hata jopo lenyewe. Suti haikufika mahali pa kuonekana.

Ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja ningekwambia hela ya kwanza ni ya leseni na majina. Ya pili ni nauli na kulala. Ya tatu ni kula. Nguo ni ya nne, na nitakwambia chini kwamba inaweza kuwa ndogo sana.

3.
Wenye suti zao wananijibu: "Lakini sista, ushindani ni mkubwa, lazima ujitofautishe."

Haya, tupige hesabu ya ushindani. Juni 2014 waliitwa kwenye usaili wa Uhamiaji pale Uwanja wa Taifa zaidi ya watu 10,000, nafasi zilikuwa 70. Picha zake bado zipo, majukwaa yamejaa kama mechi ya watani. Mwaka 2025 TRA ilitangaza nafasi 1,596, yakaja maombi 135,027. Gawanya mwenyewe: karibu watu 85 kwa kiti kimoja.

Hebu niambie. Wote 85 wakivaa suti, viti vinakuwa viwili? Kiti kinabaki kilekile kimoja, na watu 84 wanarudi nyumbani na suti ambazo hawana pa kuzivaa, labda kwenye harusi ya binamu. Suti inaweza "kukutofautisha" pale tu wenzako wanapokosa uwezo wa kuinunua. Yaani ushauri wote huo, ukiuvua tai, unasema: mshinde mwenzako kwa kuwa yeye ni maskini kuliko wewe. Na maskini ndiye anayeambiwa ausome na aufuate.

4.
Kuna mwaka tulipangwa watu watatu wa afya kutoa huduma ya kwanza kwenye usaili wa kundi kubwa, Dar, mwezi wa pili. Taasisi siitaji. Foleni ilianza saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa pili Dar unaijua: hata ukisimama bila kufanya kitu unatoka jasho. Kufikia saa tano asubuhi tulikuwa tumelaza watu saba chini ya mwembe.

Wa nne alikuwa kijana wa suti nyeusi, poliesta ile nzito inayong'aa mgongoni, na kizibao ndani. Kizibao! Tulimlegeza tai, tukamvua koti, tukamwinua miguu. Shati limelowa mpaka kiunoni. Mapigo ya moyo 118. Sukari ilisoma 3.4. Nikamuuliza mara ya mwisho umekula nini. Chai, jana jioni. Kwa nini? Akanijibu taratibu, kama mtu anayesoma risiti: nauli elfu arobaini na tano, suti ya kukodi elfu thelathini, basi. Suti ilitakiwa irudi kesho yake kabla ya saa nne, ikichelewa kuna faini.

Tulimpa maji ya sukari, baadaye chapati ya mwenzetu. Alipopata nguvu aliomba tumsaidie kufunga tai, maana alifungiwa na kaka yake nyumbani na yeye mwenyewe hajui. Kati yetu sisi watatu hakuna aliyejua. Akaingia bila tai.

Na unajua mle ndani kulikuwa na nini? Mtihani wa kuandika. Mchujo. Karatasi, kalamu, namba ya mtahiniwa. Msahihishaji hata sura yake asingeiona, sembuse kizibao.

Kwa hiyo wewe unayeandika "vaa suti" bila kueleza ni usaili wa aina gani, jua kwamba kuna mtu alizimia kwa maneno ya namna hiyo. Usaili wa mchujo vaa nguo ya heshima nyepesi, ule, ubebe maji. Imeisha hiyo.

5.
Tuzungumze deni, maana wanaovaa vizuri hawapendi kulitaja.

Laki na nusu hiyo inatoka wapi? Kwa mtu asiye na ajira benki hamna kitu. Kinachobaki ni kausha damu. Unachukua 100,000, mkononi zinaingia pungufu, wiki mbili unadaiwa na nyongeza ambayo hata hukuiona ulipobonyeza "kubali". Ukichelewa wanapigia namba zilizomo kwenye simu yako: mwalimu wako wa chuo, mama mkwe mtarajiwa, mchungaji. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zisizo na leseni. Watu walizisoma, wakacheka, wakaendelea kukopa kwingine, kwa sababu shida haijafungiwa pamoja na programu.

Nimewahi kumfariji binti wa mafunzo kwa vitendo kwenye wodi yetu, analia stoo ya vifaa, siyo kwa sababu amekosa kazi. Kukosa kazi alishakuzoea. Alikuwa analia kwa sababu mdai wake alimpigia mama yake mzazi kijijini na kumwambia binti yako ni mwizi. Mama ana presha. Deni lilikuwa la koti, sketi na viatu vya mchuchumio kwa ajili ya usaili wa dakika kumi na mbili.

Kausha damu hawaweki tangazo la suti. Hawana haja, wanatangaziwa bure na hao wa picha za mkono mfukoni.

6.
Kidogo kuhusu hiyo suti yenyewe, kwa wanaoiona kama amri ya Musa.

Mwalimu Nyerere alikaa Ikulu miaka ishirini na ushee, na picha zake tulizozoea ni za koti lililofungwa vifungo mpaka shingoni, bila tai. Kenneth Kaunda wa Zambia mpaka leo ana suti yenye jina lake, na wazee wetu wengi walikwenda kazini na Kaunda suti mikono mifupi, wakaheshimika. Sasa njoo Kenya, Novemba 2023: Spika wa Bunge, Moses Wetang'ula, akaipiga marufuku Kaunda suti ndani ya Bunge. Wakati huohuo Rais wao, William Ruto, ndiye aliyekuwa anaivaa kila kukicha. Yaani nguo inamtosha Rais, haimtoshi mbunge!

Sicheki majirani. Nakuonyesha kwamba "vazi la heshima" ni makubaliano ya watu, na watu wanabadilika. Hapa kwetu serikali ina waraka wake wa mavazi ya watumishi wa umma wa mwaka 2007. Wasiwasi wake ni nguo za kubana, fupi, zinazoonyesha maungo. Staha. Na staha mtu anaipata hata kwenye gauni la kitenge lililoshonwa na fundi wa mtaani kwa elfu kumi na tano.

7.
Hii ni ya wenzangu wa afya hasa.

Tai ile mnayomlazimisha kijana aifunge, akishapata kazi mtamwambia aivue. Uingereza, ambako tuliiga hizi tai, wizara yao ya afya ilitoa mwongozo mwaka 2007: anayemhudumia mgonjwa mikono iwe wazi kuanzia kiwiko kushuka, koti jeupe la mikono mirefu liondoke, saa ya mkononi iondoke, na tai zisining'inie juu ya wagonjwa. Sababu ni rahisi. Tai haifuliwi. Inainama nawe juu ya kidonda cha huyu, inainama juu ya kitanda cha yule.

Na kucha. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa usafi wa mikono wa mwaka 2009 linataka kucha za asili zisizidi nusu sentimita, na za bandia zisiwepo kabisa kwa anayegusa wagonjwa. Sasa fikiria binti anaambiwa na dada yake wa saluni, "Weka kucha, upendeze, ni intavyuu hiyo." Analipa elfu ishirini na tano kuja kunionyesha mimi, nesi, kitu cha kwanza ambacho nitamwambia akitoe. Mimi paneli nikikaa naangalia mikono. Sitafuti rangi, natafuta kama huyu mtu anajua kwamba mikono hiyo kesho itashika kitovu cha mtoto mchanga.

Kukata kucha ni bure. Wembe wa shilingi mia mbili.

8.
Sasa msije mkanielewa vibaya, maana kuna kundi la upande wa pili nalo linanichosha. Wale wa "vaa chochote, uwe wewe, akili ndiyo inayoajiriwa." Hapana bana. Ukija kwenye usaili na shati lenye harufu ya jana, suruali ya kuning'inia chini ya makalio na ndala, mimi nitaona, na nitaandika.

Mgonjwa amelala, amevuliwa nguo, amewekewa mpira wa mkojo, anaona aibu mbele ya mtoto wa kumzaa. Wewe umesimama juu yake umevaa. Mavazi yako ndiyo kitu cha kwanza kinachomwambia kama utamchukulia kwa uzito. Ndiyo maana tuna sare. Na sare ina jambo moja zuri ambalo watu hawalitaji: mgonjwa hawezi kujua nesi yupi baba yake ana maduka na nesi yupi alisoma kwa mchango wa ukoo. Wote tunaonekana sawa, wote tunaitwa sista.

Halafu mlango wa kuingilia kwenye kazi hiyohiyo ya sare, tunawapanga watu kwa thamani ya koti. Hapo ndipo naposhindwa kuelewa.

9.
Umesema nini tuvae basi? Haya, naandika kama navyowaambia wanaokuja kwangu nyumbani.

Kaka, shati moja la mikono mirefu, jeupe au bluu mpauko. Karume na Memorial kule Moshi utalipata la mtumba kwa elfu tano mpaka nane, zuri kuliko jipya la dukani. Angalia kola na kwapa kwenye mwanga wa jua, siyo kwenye taa ya meza ya muuzaji. Suruali ya kitambaa au kadeti, nyeusi au bluu ya giza, mkanda. Suruali ikiwa kubwa mpelekee fundi cherehani akupunguzie kiuno na urefu, elfu mbili au tatu. Pesa ya fundi ndiyo pesa nzuri kuliko zote kwenye orodha hii, kwa sababu nguo ya bei rahisi inayokukaa inashinda ya bei kali inayokuvaa. Viatu vya kufunika, vimepigwa kiwi jana yake, siyo asubuhi ukachafua soksi. Kuazima ruksa. Kama kaka yako ana koti linalokutosha mabegani na hakuna joto, livae, nani amekukataza? Ninachokataa ni kulikopea.

Na jamani, mkinunua koti, ile lebo iliyoshonwa kwenye mkono inatolewa. Imekaa pale kwa ajili ya dukani. Nawaona nayo mpaka kwenye send-ofu.

Dada, sketi inayopita magoti au suruali ya kitambaa, blauzi isiyoangaza, au gauni moja la heshima. Kabla hujatoka nyumbani fanya majaribio mbele ya ndugu yako: nyanyua mikono juu, kaa, chuchumaa, piga magoti. Nasema piga magoti kwa sababu hospitali kadhaa binafsi siku hizi zinakupa vitendo. Unawekewa mdoli sakafuni, unaambiwa moyo umesimama. Unatakiwa ukandamize kifua kwa kina cha sentimita tano mpaka sita, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, ukiwa umepiga magoti, mikono imenyooka. Nimeona binti anajua kila kitu lakini sketi imembana, hawezi kushuka chini, anakandamiza amejiinamia kama anafua. Tukamwambia aanze upya, akaogopa sketi isichanike. Aliyemshauri ile sketi alimwambia ni ya "kiofisi".

Nywele: twende kilioni inatosha, safi kabisa, na mtaani unasukwa kwa bei ndogo. Wigi si dhambi, ila likikuwasha mbele ya paneli utajikuna. Hijabu vaa ya pini chache isiyoning'inia, mikono ipandishike kirahisi ukiambiwa unawe. Paneli ikikwambia uvue hijabu, uliza kwa upole kanuni hiyo imeandikwa wapi. Uliza tu. Mara nyingi hakuna anayejua imeandikwa wapi.

Manukato usiweke, kuna wagonjwa wa pumu kwenye korido.

Jumla yake, ukianza kutoka sifuri kabisa, unaweza kutoka sokoni chini ya sh 40,000, viatu ndani. Na nguo hizo utazivaa tena Jumapili, kwenye msiba, na siku ya kwanza ya kazi kabla hujapewa sare.

10.
Hiki kipande ni kifupi na nimekiandika nikiwa na hasira.

Dada yangu, ukisikia mtu anakwambia "vaa kidogo kivutie, unajua tena paneli ni wanaume," huyo hakushauri usaili. Anakupeleka mahali pengine. Awe mjomba, awe rafiki wa mjomba anayejuana na bosi, awe dada aliyefanikiwa. Kazi inayoanza kwa mapaja itaendelea kudai mapaja, kwenye likizo, kwenye kupandishwa daraja, kwenye kuhamishwa. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai Tanzania, TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Ihifadhi.

Na kaka zangu mnaocheka mkisoma hapa, cheka ukimaliza kumwambia dada yako wa tumbo moja maneno hayohayo.

11.
Nimewaweka mwisho ninyi mnaokaa upande wangu wa meza, kwa sababu kijana anaweza kufuata yote niliyoandika na bado mkamwangusha.

Kuna usaili mmoja wa wakunga, hospitali binafsi, nilialikwa kama mtaalamu wa nje. Karatasi ya alama ilikuwa na maarifa 40, vitendo 30, mawasiliano 20, mwonekano 10. Swali la kwanza: mama amejifungua dakika ishirini zilizopita, anatoka damu nyingi, uko peke yako zamu ya usiku, unafanya nini. Wa kwanza alikuja na koti zuri sana la rangi ya maziwa. Jibu lake: "Nitampigia daktari." Tukamsubiri aendelee. Alikuwa amemaliza.

Wa pili alikuja na sketi nyeusi iliyopauka kwa kufuliwa, na viatu vilivyokanyagika kisigino. Alianza kujibu kabla hatujamaliza swali. Napaza sauti kuita msaada, huku mkono wangu uko tumboni nasugua mfuko wa uzazi ujikaze. Naweka oksitosini vipimo kumi. Natoa mkojo, kibofu kikijaa mfuko haukazi. Nafungua mishipa miwili, drip. Naangalia kondo kama limetoka zima, naangalia kama amechanika. Naongea na mama muda wote nione kama bado yupo. Alisema yote hayo kwa pumzi moja, na mikono yake ilikuwa inafanya kila alichokisema. Mimi ningempa funguo za leba usiku uleule.

Jumla zilipotoka alizidiwa kwa alama tatu. Mjumbe mmoja wa utawala alikuwa amempa mwonekano 2, na yule wa koti 9. Nikauliza 2 ni kwa nini. "Sketi imepauka, hatuna picha ya kuwaonyesha wateja." Wateja! Yule mama anayetoka damu ndiye mteja? Nikasema nguo atavaa sare, mtampa nyinyi wenyewe wiki ijayo. Nikaambiwa fomu imeshapitishwa na bodi. Sikusaini. Aliyeajiriwa ni wa koti.

Mnielewe vizuri. Alama saba za nguo zilifuta tofauti kati ya mtu anayejua kumzuia mama asife na mtu anayejua kupiga simu. Hapo ndipo ninapopigania miye. Mambo ya suti na mikopo yote yanatoka hapo, kwenye hicho kisanduku cha "mwonekano 10" ambacho hakuna aliyeeleza kinapima nini. Kama kinapima usafi, andikeni usafi: mwili, nguo, kucha. Kama kinapima staha, andikeni staha. Vyote hivyo vinajibiwa ndiyo au hapana, havihitaji alama kumi za kuchezea. Mkikiacha hivyo hivyo, kila mjumbe anaweka humo ndani anachokipenda: rangi ya ngozi, unene, lafudhi, hijabu, koti la rangi ya maziwa.

Na kama kweli mnaamini suti ni sifa ya kazi, iandikeni kwenye tangazo, palepale kati ya cheti cha kuzaliwa na leseni, mbele ya macho ya nchi nzima: asiye na suti atapunguziwa alama. Wekeni na sahihi na muhuri. Hamtaandika, kwa sababu mnajua swali la kwanza mtakaloulizwa ni la sheria ipi.

12.
Naingia zamu ya usiku. Wenye usaili Jumatatu: leo usiku toa leseni kwenye bahasha uangalie tarehe ya mwisho, linganisha jina herufi kwa herufi kwenye vyeti vyote. Shati lifue kesho mapema likauke, umeme ukikatika utumie pasi ya mkaa, ila ijaribu kwanza kwenye kitambaa. Asiyelielewa tangazo lake alipige picha anitumie, nitamsomea asubuhi nikitoka.